Muda umeisha, mechi ni 1–1: tunaamuaje sare kwenye mashindano ya kadi?

Kampemba_Deki
Salamu kwa wote. Tunaandaa mashindano ya Magic, ule mchezo wa kadi wa watu wawili, hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Wachezaji 14, kila mechi ni ya anayetangulia kushinda michezo miwili, raundi 4 za mfumo wa Uswisi (hakuna anayetolewa, kila raundi unapangiwa mwenye pointi kama zako), halafu wanne wa juu wanaingia mtoano. Ubishi umeanza kabla kadi hazijachanganywa. Kuna wanaotaka muda ukiisha 1–1 tuhesabu uhai uliobaki (pointi ambazo zikifika sifuri umeshindwa), kuna wanaotaka kurusha dadu, na kuna wanaosema sare ni sare. Tena mwishoni, watu watatu wakilingana pointi na nafasi zimebaki mbili, tunawapangaje? Nataka maandishi ya kubandika ukutani asubuhi, mtu asije kuniambia jioni kwamba hakujua.

Mwamuzi_Katuba
Anza na saa, sare nyingi zinazaliwa hapo.

Raundi ya Magic ni dakika 50. Zikiisha, mchezo unaoendelea haukatwi papo hapo. Mwenye zamu anaimaliza zamu yake, na hiyo haihesabiwi. Baada yake zinachezwa zamu tano, tano kwa jumla ya wote wawili, si tano kwa kila mtu. Kwa hiyo mpinzani wa aliyekuwa na zamu anapata ya kwanza, ya tatu na ya tano, na yule mwingine anapata ya pili na ya nne. Tofauti hiyo ya zamu moja ndiyo inayoleta kelele. Ukitangaza muda umekwisha, pita kila meza ambayo bado inacheza, uliza "zamu ya nani?", kisha acha dadu mezani likionyesha namba ya zamu. Watu wakihesabu kwa vichwa, lazima mmoja ataanza na zamu iliyokuwa inaendelea na mwingine atairuka.

Kadi inayompa mtu zamu ya ziada haiongezi hesabu. Zamu hiyo inakula moja kati ya zile tano.

Zamu ya tano ikiisha bila mshindi, mchezo huo ni sare, na mechi inasomwa hivi:
– Ilikuwa 1–0 na mchezo wa pili haukwisha: aliye na 1 ameshinda mechi. Andika 1–0–1, yaani alizoshinda, alizoshindwa, za sare.
– Ilikuwa 1–1 na wa tatu haukwisha: mechi ni sare, 1–1–1, pointi 1 kwa kila mmoja.
– Ilikuwa 0–0 na mchezo wa kwanza haukwisha: sare, 0–0–1.
– Muda umeisha wakiwa bado wanachanganya kadi za mchezo unaofuata: mchezo huo hauanzi. 1–1 inabaki 1–1 na zamu tano hazipo.

Ushindi wa mechi ni pointi 3, sare 1, kushindwa 0. Ona kwamba sare mbili hazifiki hata ushindi mmoja. Mfumo wenyewe unawasukuma watu wamalize mechi.

Kwenye ratiba usiandike dakika 50. Andika 70, maana zamu tano za watu wawili wanaofikiri sana zinaweza kula robo saa, na jozi mpya nazo zinataka muda wa kupangwa. Raundi 4 ni dakika 280. Mkianza saa tatu kamili asubuhi, mnamaliza saa saba na dakika 40, na chakula hakijaliwa bado.

dogo_lshi
Bayaya, minauliza. Kuranti ikikatika katikati ya raundi, ao mwamuzi akichukua dakika tano kusoma karte moja, ile muda inapotea? Juu mara mingi mechi inaisha sare na haiko kosa ya wachezaji.

Mwamuzi_Katuba
Haipotei, mdogo wangu. Mwamuzi akisimamisha meza kwa zaidi ya dakika moja, meza hiyo inaongezewa dakika zilizopotea, na anaziandika hapo hapo kwenye karatasi ya matokeo: "+5". Saa ya ukumbi ikiisha, meza hiyo inaendelea na dakika zake tano, ndipo zinafuata zile zamu tano. Kitu cha kusema tu kwa mdomo kitasahaulika.

Umeme ukikatika ni jambo la ukumbi mzima, kwa hiyo simamisha saa ya wote. Saa iwe moja tu, kwenye simu yenye betri iliyojaa, isiwe kwenye skrini inayotegemea umeme wa SNEL. Na matokeo yaandikwe kwenye karatasi hata kama mnatumia programu ya simu kupanga jozi. Mtandao ukiondoka pamoja na kuranti, karatasi bado ziko mezani.

Na uchelewaji. Mchezaji anayefikiri kupita kiasi bila nia mbaya anapewa onyo, na zamu mbili zinaongezwa juu ya zile tano kama mechi itapita muda. Onyo hilo litolewe mapema: meza ikishaingia zamu za mwisho, huwezi tena kuongeza. Yule anayechelewesha makusudi ili alinde uongozi wa 1–0 huyo anadanganya, na adhabu yake ni kuondolewa mashindanoni. Dalili yake ni mwendo unaobadilika: mchezo wa kwanza aliucheza haraka, sasa anasoma upya kadi zilizoko mezani tangu zamu ya pili.

Bel-Air_8000
Mimi bado nasema uhai uhesabiwe. Yu-Gi-Oh! wanaangalia pointi za uhai muda ukiisha, mwenye nyingi anashinda, watu wanaenda nyumbani. Kwa nini Magic ijifanye ngumu? Mtu ana 18, mwenzake ana 3, halafu mnaniambia wamelingana?

Hesabu_Ruashi
Kaka, kwenye Magic uhai ni sarafu. Deki (fungu la kadi) ya udhibiti, ile inayosubiri na kuzima kadi za mpinzani, inakubali kushuka mpaka 3, inafuta kila kiumbe mezani, halafu inabaki na kadi sita mkononi dhidi ya mtu asiye na kitu. Mwenye 18 hapo ndiye anayekufa. Ukihesabu uhai katika raundi za kawaida, umewaambia wenye deki za kasi kwamba wakipiga mara mbili mwanzoni wanaweza kuikalia saa.

Wachezaji wa Yu-Gi-Oh! wanaijua athari hiyo vizuri. Kila mmoja anaanza na 8000, na kwa sababu muda unaamuliwa kwa uhai, mchezo wa tatu watu wanaingiza kadi za kuchoma uhai wa mpinzani au za kuongeza wa kwao, kadi ambazo wasingezigusa kama saa isingekuwepo. Utaratibu wao wa mwisho wa muda umebadilishwa mara kadhaa, kwa hiyo mtu akija na kanuni aliyoisikia zamani, mwombe waraka unaotumika leo.

Mwamuzi_Katuba
Naunga mkono, ila @Bel-Air_8000 hajakosea kabisa, kwa sababu kuna sehemu Magic inahesabu uhai: kwenye mtoano. Nusu fainali haiwezi kuisha sare, lazima mmoja apande. Kama mtoano una kikomo cha muda na zamu tano zimekwisha wakiwa sawa kwa michezo, mwenye uhai mwingi anashinda mchezo unaoendelea. Wakilingana na uhai pia, wanaendelea kucheza huku sharti moja likiongezwa: wakati wowote mmoja akiwa na uhai pungufu kuliko mwenzake, amepoteza papo hapo. Ndivyo hata wakikutwa na muda katikati ya michezo wakiwa 1–1. Wanaanza mchezo mpya chini ya sharti hilo, na tone la kwanza la uhai linamaliza kazi.

Ushauri wangu kwa watu 14: mkiweza, mtoano usiwe na muda. Ni mechi mbili za nusu fainali na fainali moja. Nguvu ya saa iachwe kwenye raundi nne za mwanzo.

Kampemba_Deki
Hapo nimeshika. Sasa niambieni kulingana pointi. Tumezoea "aliyemfunga mwenzake anapita", lakini watatu wakiwa hawajakutana, hiyo haisaidii.

Hesabu_Ruashi
Iacheni hiyo. Katika mfumo wa Uswisi watu wengi hawakutani, na watatu wanaweza kuwa wamefungana kwa duara. Magic inatumia vigezo kwa mpangilio huu, ukienda kwa kinachofuata pale tu kilichotangulia kimelingana:

1. Pointi za mechi.
2. Wastani wa asilimia za ushindi wa mechi za wapinzani wako.
3. Asilimia yako ya michezo uliyoshinda.
4. Wastani wa asilimia za michezo za wapinzani wako.

Cha pili ndicho kinachoamua karibu kila mara. Kwa kila mpinzani, chukua pointi zake, gawa kwa pointi ambazo angeweza kupata (3 mara raundi alizocheza). Ikiwa chini ya 0.33, andika 0.33. Halafu piga wastani.

Mfano, A na B wana pointi 7 kila mmoja baada ya raundi 4.

Wapinzani wa A wamemaliza na 9, 6, 4 na 1. Yaani 9/12 = 0.75; 6/12 = 0.50; 4/12 = 0.333; 1/12 = 0.083, ambayo inapanda kuwa 0.33. Jumla 1.913, wastani 0.478.

Wapinzani wa B wamemaliza na 12, 7, 6 na 3. Yaani 1.00, 0.583, 0.50; na 3/12 = 0.25 inayopanda kuwa 0.33. Jumla 2.413, wastani 0.603.

B anapita. Amepata pointi zile zile akipambana na watu wagumu zaidi. Sakafu ya 0.33 ipo ili usiadhibiwe kupita kiasi kwa sababu tu raundi ya kwanza ulipangiwa mtu aliyepoteza mechi zote, au aliyepoteza mbili akaondoka zake.

Makosa mawili ninayoyaona kwenye majedwali ya watu. La kwanza ni mtu aliyepita bila mpinzani. Mko 14, namba shufwa, lakini mmoja akijitoa mnabaki 13 na kila raundi mmoja anakaa. Huyo anapata pointi 3 na ushindi wa 2–0, ila kwenye wastani wa wapinzani raundi hiyo haipo kabisa: unagawa kwa 3, si kwa 4. La pili ni mtu aliyejitoa. Asilimia yake inahesabiwa kwa raundi alizocheza, si kwa raundi zote nne.

dogo_lshi
Na ile 1–1–1 ya yaya Mwamuzi, kuna tofauti gani na kuandika 1–1?

Hesabu_Ruashi
Kubwa, kwenye kigezo cha tatu. Sema mchezaji ana matokeo 2–0, 2–1, 1–2 na hiyo sare. Ikiandikwa 1–1, ameshinda michezo 6 kati ya 10: kwa pointi 3 za kila mchezo, ni 18 kwa 30, yaani 0.600. Ikiandikwa 1–1–1, michezo ni 11, pointi ni 18 na 1 ya mchezo wa sare, 19 kwa 33, yaani 0.576. Mchezo wa tatu kama ulianza na haukwisha, uandikwe. Kama haukuanza, usiandikwe. Mwandishi wa matokeo asiwe na hiari hapo.

Kadi_za_Kenya
Nyote mnazungumzia sare za saa. Zipo za mezani pia, na watu hawajui cha kufanya.

Wote wawili wakifika uhai sifuri kwa wakati mmoja, mchezo ni sare, hakuna anayetazamwa kwamba kadi ilikuwa ya nani. Earthquake, kadi inayopunguza uhai wa wachezaji wote, ikiwa ya kutosha inawaua wote na mnaandika mchezo wa sare. Mechi haijaisha. Kama muda upo mnacheza mwingine, na aliyekuwa amechagua nani aanze katika mchezo huo wa sare ndiye anachagua tena. Kwa hiyo mechi ya "michezo mitatu" inaweza kuwa na wa nne.

Nyingine ni mzunguko usio na mwisho. Kama kila hatua ni ya lazima na hakuna anayeukatiza, mchezo ni sare. Mfano unaojulikana: Oblivion Ring tatu (kadi inayoondoa kadi nyingine mezani mpaka yenyewe itoke), na hakuna kitu kingine mezani isipokuwa kadi za ardhi. Ya kwanza inaondoa ya pili, ya tatu inaondoa ya kwanza, ya pili inarudi na kuondoa ya tatu, mpaka kesho. Mwenye kadi mkononi ya kuukata halazimishwi kuitumia. Lakini mzunguko wa hiari, ambao mtu anauendesha kwa kupenda, si sare hata kidogo: anataja namba ya mara atakazorudia, unafanyika, mchezo unaendelea.

Bel-Air_8000
Sawa, uhai nimeuachia. Dadu je? Wawili 1–1, sare haiwafai wote, wamekubaliana wenyewe. Nani anaumia?

Mwamuzi_Katuba
Wanaumia waliobaki kumi na wawili, ambao msimamo wao unategemea mechi hiyo ichezwe. Kuamua mshindi kwa dadu au shilingi ni kosa zito la mwenendo katika Magic, hata mkikubaliana, hata mkifanya kwa mzaha, na anayelipendekeza tu anaweza kupoteza mechi. Dadu lina kazi moja mwanzoni: nani achague kuanza.

Kinachoruhusiwa ni kukubali kushindwa. Zamu ya tano imeisha, unaona sare haikusaidii wewe wala mwenzako, unasema "nimekubali" kabla karatasi haijapelekwa. Halali kabisa, mradi hakuna malipo nyuma yake. "Nipe ushindi nitakugawia paketi mbili za kadi" ni rushwa, na huyo aliyekaa kimya akaipokea naye yumo. Kugawana zawadi kwenyewe si kosa kama hakufungwi na matokeo. Na kwenye fainali ya mtoano, wawili waliobaki wanaweza kugawana wanavyotaka kwa ruhusa ya mwandaaji na mmoja akajiondoa.

Kampemba_Deki
Na wale wa meza ya kwanza, wenye pointi nyingi, wanaokaa raundi ya nne na kupeana mkono bila kucheza?

Hesabu_Ruashi
Sare ya makubaliano. Kwenye Magic inaruhusiwa, na kwa watu 14 itakuja, kwa hiyo jiandae kuieleza kwa watakaolalamika.

Fuata hesabu. Raundi ya kwanza: 7 wana 3, 7 wana 0. Raundi ya pili, washindi 7 ni jozi tatu na mmoja anayeshushwa kucheza na mtu wa 0. Akishinda, na hakuna sare popote, mna watu 4 wenye 6, 6 wenye 3, 4 wenye 0. Baada ya raundi ya tatu: 2 wenye 9, 5 wenye 6, 5 wenye 3, 2 wenye 0.

Hao wawili wa 9 wakipeana sare, wana 10 kila mmoja. Wa 6 wako watano: jozi mbili zinatoa wawili wenye 9, na yule wa tano aliyeshushwa akishinda anakuwa wa tatu. Hakuna mwingine anayeweza kufika 10. Wenye 10 wamo ndani, na nafasi mbili zinagombaniwa na wawili au watatu wenye 9. Hapo ndipo jedwali la wapinzani linafanya kazi.

Wakicheza kweli, mmoja ana 12 na aliyeshindwa ana 9. Sasa wenye 9 wanaweza kuwa wanne kwa nafasi tatu, na mtu aliyeshinda mechi tatu mfululizo anaweza kubaki nje kwa sehemu ndogo ya asilimia. Ndiyo maana wanapeana mkono. Wenye 6 wasijaribu kuiga: sare inawapa 7, na 7 mbele ya 9 haifiki popote.

Binafsi siipendi kwenye mashindano ya mtaa, watu wanakuja kuona meza ya kwanza. Lakini ukiipiga marufuku watacheza polepole mpaka saa iwape sare ile ile, na hiyo huwezi kuithibitisha. Kama inakuudhi, ondoa mtoano na zawadi zitolewe kwa msimamo wa raundi nne, hapo pointi 12 zina maana.

mama_Pikachu
Wangu wanacheza Pokémon, niongeze kidogo maana watoto wanachanganya kanuni. Mechi za michezo mitatu ni dakika 50 pia, lakini baadaye ni zamu tatu, si tano. Inayoendelea ni zamu ya sifuri, kisha moja, mbili, tatu. Raundi za kawaida zinaweza kuisha sare, pointi 3, 1, 0 kama kwenu. Kwenye mtoano hakuna uhai wa kuhesabu, wanaangalia kadi za zawadi zilizobaki kati ya zile sita ambazo kila mchezaji anaweka pembeni mwanzoni, na anayezimaliza anashinda. Aliyebakiza chache anapanda, wakilingana wanaendelea mpaka tofauti ipatikane.

Wote wakishinda kwa wakati mmoja, kwanza angalia nani ametimiza masharti mengi zaidi ya ushindi. Aliyechukua zawadi ya mwisho na pia kumwacha mpinzani bila Pokémon ameshinda. Kama wamelingana, kitabu cha mchezo kinasema waanze upya kwa kadi moja ya zawadi kila mmoja.

Na kwenye kupanga waliolingana, sakafu ni asilimia 25, si 33. Aliyejitoa hahesabiwi zaidi ya 75. Baada ya wapinzani, kinachofuata ni wapinzani wa wapinzani, michezo haihesabiwi. Jedwali la Magic msilitumie kwetu.

Kampemba_Deki
Aksanti sana, mama, na wote. Dada Hesabu, la mwisho: programu ikigoma nitatumia Excel. Formula?

Hesabu_Ruashi
Kompyuta nyingi za hapa zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo mkato kwenye desimali na nukta-mkato kati ya vipengele. Pointi za mchezaji ziko safu ya C, raundi alizocheza safu ya D. Asilimia yake:

=MAX(0,33;C2/(3*D2))

Kisha kwenye mstari wa kila mchezaji vuta asilimia za wapinzani wake kwenye F, G, H na I, na wastani ni:

=MOYENNE(F2:I2)

Raundi aliyopita bila mpinzani, acha seli tupu kabisa. MOYENNE inaruka seli tupu, lakini ukiandika 0 itaihesabu na kumshusha. Safu iwe na desimali tatu, na usikokotoe chochote mpaka karatasi ya mwisho ya raundi ya nne imefika, kwa sababu matokeo ya meza ya saba yanabadilisha asilimia za watu wa meza ya kwanza.